Bwana Vasheni Hakuhudhuria

Kikamba hakina sauti ya r, wala hakina d ya kutembea peke yake. D kwetu huja imeshikwa mkono na n. Si kosa la mtu, ni jinsi ulimi ulivyolelewa. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililotuletea picha ya ndimu tatu kwenye jalada la mkusanyo wa rege, na hadi leo watu wa Machakos hunisimamisha kuniuliza ndimu hizo zilikuwa na maana gani. Hazikuwa na maana. Zilikuwa azimio la kamati.

Neno lenyewe ni ridimu. Katika rege, ridimu ni muziki unaotengenezwa kwanza bila mwimbaji: ngoma, besi, mkato wa gitaa, kinanda kidogo. Kisha waimbaji kumi au zaidi huitwa, na kila mmoja huimba wimbo wake mwenyewe juu ya muziki huo huo mmoja, halafu nyimbo zote hukusanywa pamoja. Asiyejua hudhani anasikia wimbo mmoja ukiimbwa na watu waliokosana. Na kwa desturi ya zamani, wimbo wa mwisho katika mkusanyo hauna mwimbaji kabisa. Muziki unaachwa wazi, ili msikilizaji asikie kilichokuwa chini ya zile sauti zote. Huo wa mwisho huitwa vasheni.

Mimi ndiye niliyepiga besi. Riziki yangu ni kutengeneza redio na vikuza sauti mjini. Besi nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha mitumba kilichokuwa kimepoteza kurasa arobaini za kwanza, kwa hiyo nilijua kunyamazisha uzi kabla sijajua kuukaza. Miaka kumi na tisa imepita tangu hapo. Kurasa zile sijazipata, ila nadhani sasa najua zilisema nini.

Sikutaka jina langu jaladani wala picha. Nilitaka vasheni, na sababu ilikuwa mama yangu.

Mama anaishi Kathiani, kwenye shamba la mahindi na maparachichi, na amehifadhi kila kitu nilichowahi kurekodi: kwaya tatu na harusi moja. Kila nikimchezea ananiuliza swali lile lile.

"Na wewe uko wapi hapa?"

"Ni ile sauti ya chini, mwaitu."

"Ya chini ya nini?"

Jirani yake ana binti aliyeimba katika moja ya kwaya hizo. Binti anaanza beti zote peke yake, na mamake huinua kidole na kusema, "Huyo ni wangu." Mama hajawahi kuinua kidole. Siku moja aliwaambia wanawake wa chama chao, nikiwa nimeketi pale pale, "Mimi nilizaa mtu wa chini." Walicheka hadi chai ikamwagika. Nami nilicheka, kwa adabu. Lakini nilimwahidi kwamba safari hii kungekuwa na wimbo mmoja ambamo hakuna mwingine wa kusikilizwa. Hapo hutanikosa, nilimwambia. Akanijibu niulete haraka, kabla masikio yake hayajafunga duka.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kinu kikinguruma tulisimama, kikinyamaza tukaendelea, na ndiyo sababu nyimbo zetu zote zilirekodiwa wakati watu wa Machakos wamekwisha kupata unga. Mwenye vyombo alikuwa mtu mpole tuliyemwita Prodyuza. Mwenye chumba alikuwa mjomba wake. Kosa la kwanza la Prodyuza, na mengine yote yalizaliwa na hilo, lilikuwa kumweleza mjomba tulichokuwa tunafanya mle ndani.

Mjomba huyo ni mwalimu mkuu mstaafu. Ameongoza kamati za mazishi na harusi kutoka mjini hadi Kyumbi, na kwake jambo lisilo na kamati halijaanza. Kabla wiki haijaisha tulikuwa na mwenyekiti, ambaye ni yeye, naibu, katibu na msimamizi wa nidhamu. Katibu alikuwa mama mmoja wa kwaya ya Kikatoliki mwenye mwandiko mzuri sana. Rege walikuwa hawajaisikiliza hata mmoja wao kwa kukusudia, lakini ajenda ilikuwa tayari, na kipengele cha kwanza kilikuwa jina.

"Mwenyekiti," Prodyuza akasema, amesimama kama mwanafunzi, "tunataka kutoa lindimu."

Mwenyekiti aliandika ubaoni, akarudi nyuma, akatazama.

"Lindimu. Hilo 'li' ni la nini?"

"Ndivyo inaitwanga, mjomba."

"Inaitwa hivyo na nani? Ndimu ni ngeli ya I-ZI. Ndimu hii, ndimu hizi. 'Li' haina kazi hapo." Akaifuta.

Nikainua mkono. "Mwalimu, neno ni ridimu."

"Si ndivyo nimesema? Ndimu."

"Kuna r mbele yake."

"Fundi, mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Nionyeshe ndimu iliyo na r."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Mmoja wa waimbaji wetu, mwenye duka la mabati kule Katangi ambaye watu wake walikuja Yatta kutoka Mkoa wa Kati, alisimama kunitetea. Akatamka neno kwa sauti kubwa ili liondoe ubishi wote. Kwake l na r hupokezana zamu bila kupanga, na kinywani mwake likatoka lindimu vilevile. Mwenyekiti akahesabu hiyo kuwa kura. Katibu akaandika: *Iliamuliwa kwamba neno sahihi ni Ndimu.*

Ningeweza kuvumilia jina. Tatizo ni kwamba kamati iliwapelekea waimbaji wote kumi na mmoja barua ya kuwaarifu kwamba mada ni ndimu, na wao, wakiwa watu watiifu, wakatii. Mhubiri wa sokoni aliimba juu ya ndimu ya toba, kali mdomoni, tamu rohoni. Katibu, ambaye alijikuta naye ni mwimbaji, aliimba kwamba ndimu kwenye chai ya moto huondoa kikohozi. Ulikuwa wimbo pekee katika mkusanyo uliobeba habari ya kumsaidia mtu. Mwenye mabati aliimba mabati, ndimu ikaingia ubeti wa tatu kama rangi mojawapo iliyopo dukani. Mwalimu wa chekechea mwenye dredi alikuwa na wimbo mzuri wa Babiloni tangu zamani. Akaurekebisha usiku mmoja tu, Babiloni sasa ikawa inatukamua. Huyo, nakiri, alikuwa afadhali.

Na wote walisalimia. Watu wetu wamelelewa na vipindi vya salamu redioni, na ukiwapa kipaza sauti hawaoni ala ya kuimbia, wanaona nafasi ya kukumbuka jamaa. Mhubiri alisalimia kwa dakika moja na sekunde hamsini. Alipomaliza muziki ulikuwa umebakiza ubeti mmoja, akautumia kuwaomba radhi aliowasahau, kwa majina.

Besi yangu katika ridimu hii ni noti nne na pengo. Pengo liko kwenye pigo la tatu, na lilinichukua wiki mbili. Mtu anayejifunza peke yake hujaza kila mahali kwa sababu anaogopa kuonekana hajui. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kuacha mahali wazi, na nilijivunia pengo lile kuliko noti zote nne. Waimbaji kumi na mmoja walilikuta na kuliona kama kiti kitupu kwenye harusi. Waliweka humo "eeh", "mbarikiwe", "sema naye", na mmoja aliweka kicheko. Sikulalamika. Niliandika kwenye daftari langu kwamba vasheni ndiyo itakayoonyesha pengo, nikasubiri.

Sasa nifike kwenye mkutano wa tatu. Mimi sikuwa chumbani kwa sababu kamati, watu wanane waliokaa magoti yakigusana, walikuwa wameagiza kipaza sauti ili wasikilizane, na kipaza sauti kilikuwa kimekatika waya. Nilikuwa nje kwenye kivuli cha kinu nikiuunga. Nilipoingia nacho mkutano ulikuwa umefungwa kwa maombi. Siku mbili baadaye katibu aliniletea nakala ya kumbukumbu dukani, imepigwa chapa vizuri, na nikaisoma nikiwa nimesimama:

*Kumb. 4. Majina ya wasanii yalisomwa. Waliohudhuria ni kumi na mmoja. Nambari kumi na mbili, Bw. Vasheni, hakuhudhuria kwa mara ya tatu mfululizo na hakutuma udhuru. Mwenyekiti alisikitika. Iliamuliwa kwamba nafasi yake itangazwe kuwa wazi.*

Niliisoma mara tatu. Kisha nikafunga duka, jambo ambalo silifanyi kabla ya saa kumi na moja, nikaenda kwa Mwenyekiti. Nilimkuta uani akipogoa miche ya michungwa, amevaa koti.

"Mwalimu, nimekuja juu ya Kumbukumbu ya nne."

"Huyo Vasheni. Unamjua? Ni mtu wa wapi?"

"Si mtu."

"Hata mimi nimesema hivyo. Mtu hawezi kukosa mikutano mitatu."

"Mwalimu, namaanisha hayupo. Vasheni ni muziki wenyewe. Huwekwa mwisho, bila mtu kuimba."

Akasimamisha mkasi. Nilimwona akifikiri, na nilimheshimu kwa hilo, maana hakuwa mjinga hata kidogo.

"Kwa hivyo nambari kumi na mbili nani ataimba?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amepangiwa kuongea?"

"Hapana."

"Hakuna wa kuimba, hakuna wa kuongea."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi Fundi, si tunakubaliana? Nafasi iko wazi." Akakata tawi. "Na sisi tulikuwa tumesahau neno la shukrani."

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali nilipokosea, kama ninavyofuata waya wa redio kutoka swichi hadi spika. Sijapaona. Kila jibu langu lilikuwa kweli, na kila moja lilimsaidia.

Nilikwenda kwa Prodyuza. Akajishughulisha na vumbi kwenye kinanda.

"Fundi, mzee ni mzee. Na chumba ni chake."

"Na muziki ni wa nani?"

"Lakini wewe uko kwa nyimbo zote kumi na moja! Hakuna msanii mwingine ameimba zote. Wewe ndiye uko na nyingi kuliko wote. Sasa unataka nini zaidi?"

"Nataka moja ambayo mama yangu atanisikia."

"Si umwambie asikilize vizuri."

Nikaandika barua kwa kamati. Ilikuwa na sehemu tatu: desturi ya ridimu, maana ya vasheni, na ombi. Nilieleza kwamba kimya cha mwimbaji si utoro. Sikumtaja mama, kwa sababu niliona hoja ya haki haihitaji kuombewa huruma. Leo nadhani ningemtaja yeye peke yake na kuacha mengine yote, ningesikilizwa, maana kamati ile ilikuwa imezoea mazishi na ilijua la kufanya mama akitajwa. Nilijibiwa kwa maandishi. Barua yangu ilikuwa imepokelewa na kuwekwa katika faili. Aidha, kwa kutambua juhudi zangu, nilikuwa nimeteuliwa katika kamati ndogo ya stima.

Uzinduzi ulifanyika Kyumbi, Jumamosi mchana, kwenye ua wa hoteli moja kando ya njia panda, mahema mawili na viti vya plastiki. Kila meza ilikuwa na ndimu moja katikati, kama pambo. Supu ilipoletwa watu wakazikamua humo, na kufikia wimbo wa pili hakukuwa na pambo lolote. Nilikaa karibu na jenereta, kwa mujibu wa cheo changu. Nyimbo zilichezwa kwa utaratibu wa itifaki, kutoka msanii mdogo hadi mkubwa, na kabla ya kila mmoja msanii alisimama kusalimia watu ambao wangesalimiwa tena baada ya dakika moja ndani ya wimbo.

Mfawidhi wa sherehe akatangaza: "Na sasa nambari kumi na mbili, nafasi iliyoachwa na Bwana Vasheni, ambaye tunamwombea popote alipo."

Wengine walisema amina.

Besi yangu ilianza. Noti nne, pengo. Ilianza peke yake kama nilivyoipanga, na kwa muda wa pumzi moja nilidhani labda. Kisha sauti ya Mwenyekiti ikaingia. Alikuwa amerekodi akiwa amesimama, mara moja bila kurudia, akisoma karatasi. Alimshukuru Mungu, alimshukuru mwenye chumba bila kutaja kwamba ni yeye, alishukuru kinu kwa uvumilivu wake, aliwashukuru waliotoa ndimu. Alizungumza dakika nne na sekunde kumi, ambao ndio urefu wa ridimu. Katika muda wote huo alivuta pumzi kila mahali isipokuwa kwenye pengo. Kwenye pengo alitia maneno yake mazito: *dhati*, *fika*, *kipekee*. Mwalimu wa chekechea alinigeukia, dredi zikamfuata taratibu.

"Fundi, mzee ameua," akaniambia. "Huyu ndiye mkali wa hii lindimu yote."

Cha kuudhi ni kwamba hakukosea. Yule mzee alikuwa na mwendo. Miaka thelathini na moja ya kusoma matangazo ya paredi ilikuwa imemfundisha kukaa juu ya pigo kuliko mwimbaji wetu yeyote.

Mahali pamoja tu alinyamaza. Kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili karatasi zilishikana, na alipokuwa akizitenganisha besi ilipita peke yake, mizunguko miwili kamili, noti nne na pengo, noti nne na pengo. Karatasi inasikika kidogo. Kisha anaendelea.

Nilifikiria kutompelekea mama. Ningesema mkusanyo umechelewa, na masikio yake yangefunga yenyewe bila mimi kuonekana nimevunja ahadi. Lakini mume wa jirani alikuwa Kyumbi siku hiyo, na habari za Kathiani hazingoji mwenye habari. Jumapili baada ya ibada nilikwenda na flashi mfukoni.

Redio ya mama nilimtengenezea mwenyewe, ndani ya sanduku la mbao, kwa spika pana iliyotoka kwenye runinga ya zamani. Niliichagua kwa sababu inateremka chini vizuri. Ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kimoja cha besi. Nilikipeleka cha besi hadi mwisho wa kulia, nikaruka nyimbo kumi na moja, nikakaa karibu naye.

"Huyo ni mwalimu mkuu," akasema kwa Kikamba, mara moja.

"Ndiye."

"Anasema vizuri. Wewe uko wapi?"

"Ngoja, mwaitu."

Karatasi zikashikana. Nikainua kidole, mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye hakujua wakati wa kuinua. "Hapo. Sikiliza."

"Hapo amenyamaza. Amesahau?"

"Anafungua ukurasa. Sikiliza hapo anaponyamaza."

"Mtu atasikiliza vipi mahali mtu amenyamaza?"

Nilikuwa na jibu, lilikuwa refu, na nusu yake ilikuwa tayari imeandikwa katika barua iliyo kwenye faili ya kamati. Kabla sijalianza Mwenyekiti alifika mwisho wa ukurasa wa pili, na akasema, kwa ile sauti yake ya paredi: "Na mwisho, ingawa si kwa umuhimu, tunamshukuru fundi wa stima, aliyehakikisha kwamba hakuna msanii aliyepigwa na shoti."

Mama alinishika mkono.

"Ni wewe huyo!"

Nilitazama kile kitufe cha besi.

"Ni mimi," nikasema.

"Umetajwa na mwalimu mkuu. Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii alisogeza kiti, akainamia redio, akakunja uso.

"Kuna kitu kinanguruma huko chini. Kinamfunika mwalimu. Wewe si fundi? Huwezi kukitoa?"

Nikashika kitufe na kukizungusha kushoto, polepole, hadi kikagota. Sauti ya Mwenyekiti ikabaki peke yake, nyembamba na safi kama msumari mpya.

"Sasa," mama akasema. Akanyanyuka, akaenda hadi kwenye ua wa michongoma, akamwita jirani. Kidole chake kilikuwa kimeinuliwa tayari. "Njoo! Njoo usikie wangu!"